Ana Faida Gani?

Ukisimama mbele ya watu kuwaeleza habari za mnyama wa porini, iwe kwenye mkutano wa kijiji, sokoni au nje ya msikiti baada ya Alasiri, swali moja halikosi. Hawaulizi anaishi miaka mingapi, wala hawaulizi anazaaje. Wanauliza: ana faida gani? Wanauliza kwa heshima, na mara nyingi ni watu ambao wiki iliyopita tu nguruwe pori wamelaza mahindi yao. Jibu sisi walimu wa zuolojia tunalo, tumelihifadhi tangu mwaka wa kwanza. Bundi anakula panya. Popo anachavusha maua na kusambaza mbegu. Fisi anasafisha mizoga. Yote hayo ni kweli. Ila nimefika mahali naona jibu hilo linawadhulumu wote watatu, muulizaji, mnyama na mwalimu mwenyewe.

Nafundisha chuo kikuu hapa Morogoro. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wana zoezi ambalo baadhi ya wenzangu idarani huliita, kwa utani ambao si utani wote, "somo la ngoma". Kila kikundi kinachagua mnyama asiyependwa na kumpeleka kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga chuoni. Projekta hairuhusiwi. Kiingereza hakiruhusiwi hata neno moja, na hapo ndipo utakapomjua aliyeelewa ikolojia na aliyekariri. Wakitaka watunge ngonjera, waigize, wachore katuni, waimbe, shauri yao. Tembo na twiga nimewapiga marufuku. Hao wana watetezi wa kutosha.

Kikundi kimoja kilimchukua bundi, kikampeleka kwa wakulima wa mpunga huko Mvomero. Ngonjera yao ilikaa vizuri: mmoja anamshtaki bundi kwa uchawi, mwenzake anamtetea kwa hesabu ya panya. Watu walicheka, wakapiga makofi. Kisha mzee mmoja aliyekalia gunia akaomba kusema. "Wanangu, mmesema vizuri, Mungu awazidishie. Lakini mimi sumu ya panya nanunua dukani. Na pakiti ya sumu haijawahi kulia juu ya paa langu usiku, asubuhi nikapewa habari ya msiba."

Hawakuwa na la kumjibu, nami sikuwasaidia, maana mzee alikuwa ameshinda kwa haki. Mizani tuliileta sisi wenyewe. Tulimwambia thamani ya bundi ni panya. Yeye akapima, akaona duka lina bei nafuu na halina mkosi. Tungeweza kumwambia kwamba panya aliyekula sumu humuua na bundi anayemla, pengine na paka wa nyumbani. Lakini hapo tungekuwa bado sokoni, tunapunguzana bei.

Kushindwa huko kunavumilika. La kuogopesha ni pale hoja ya faida inaposhinda. Kwenye njia ya kwenda Matombo, chini ya milima ya Uluguru, kuna msitu mdogo uitwao Kimboza, umeota juu ya mawe ya chokaa. Humo anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu kabisa, buluu ya kung'aa, jike lina rangi ya kijani au shaba. Makazi yake ni kwenye majani ya miti ya jamii ya mkadi, na nje ya Kimboza na vipande vichache vya misitu ya karibu hapatikani popote duniani. Siku watu wa mbali walipojua kwamba mjusi huyu ana faida, tena faida ya fedha, miti ilianza kuangushwa ili mijusi wakamatwe juu yake. Walisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kuwekwa kwenye masanduku ya kioo sebuleni. Mwaka 2016 mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, uliofanyika Johannesburg ukamwingiza kwenye orodha ya kwanza, ile inayozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Mjusi huyu hakupata adui hata mmoja miongoni mwa majirani zake wa Matombo. Waliomfikisha ukingoni ni watu waliompenda, na waliokuwa na jibu zuri sana la swali letu.

Kwa hiyo swali la faida si swali la kipumbavu, ila lina tabia ya kummeza kila anayelijibu. Na kuna mnyama mmoja ambaye haliwezi kummeza, kwa sababu hana cha kutoa.

Chura wa Kihansi nilimwona kwenye matangi ya kioo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukungu ukinyunyizwa juu yake kwa mashine. Ana rangi ya manjano ya dhahabu. Mkubwa wao hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai kwenye dimbwi kama vyura tuliowazoea. Mama hubeba mimba na kuzaa watoto waliokamilika, kila mmoja wa milimita tano hivi. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba, inapenyeza mwanga, na jike mwenye mimba akipanda kwenye kioo unaona wanawe ndani yake. Mwanafunzi aliyekuwa kando yangu alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wenyewe bila kubisha hodi.

Kwao ni korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, mahali ambapo maporomoko yalirusha manyunyu mchana na usiku. Eneo lote lenye manyunyu hayo ni kama hekta mbili. Watafiti walimgundua mwaka 1996, wakati mradi wa umeme umeshaanza kujengwa. Mtambo ulipokamilika ulikuwa na uwezo wa megawati 180, na sehemu kubwa kabisa ya maji yaliyokuwa yakianguka korongoni, kama asilimia 90, iligeuzwa kuingia kwenye mahandaki. Manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa, wakapelekwa Marekani kufugwa. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji, na kwa muda vyura waliobaki wakaongezeka. Mwaka 2003 wakaporomoka ghafla; kuvu hatari anayeua vyura dunia nzima alikutwa humo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyu ametoweka porini. Mwaka uliofuata 100 walirudishwa Dar es Salaam kwa ndege kutoka kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza.

Mweleze mtu wa Ifakara habari hizo, kisha msubiri. Atauliza, na ana haki ya kuuliza: fedha zote hizo, ndege, mabomba, kwa chura wa ukubwa wa kucha? Ana faida gani?

Hana. Na hapa ndipo somo langu lilipogeuka kuwa somo la falsafa bila ya mimi kupanga. Kikundi kilichomchagua chura huyu kilikuwa kimesoma juu ya Ikhwan as-Safa, wale wanazuoni wa Basra wa karne ya 10 waliojificha nyuma ya jina la undugu wakaandika risala juu ya kila elimu ya zama zao. Katika risala yao juu ya wanyama hawakuandika orodha ya mifupa. Walitunga kisa: wanyama wanawashtaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, kila upande unaleta wasemaji na hoja. Ukikisoma kisa hicho unajifunza elimu ya wanyama ya karne ile yote, na wakati huohuo unakaa kizimbani. Nasema bila ya wasiwasi kwamba mradi wa kupeleka sayansi kwa watu kwa njia ya sanaa haukubuniwa Ulaya juzi.

Wanafunzi wangu wakaichukua kesi hiyo, mlalamikaji wakamfanya chura wa Kihansi, wakapanga kuiigiza chini ya mwembe ulio nyuma ya mabweni, mbele ya wapishi, walinzi, mafundi na mama ntilie wa jirani. Ugomvi ulianza kwenye mazoezi. Chura aseme nini? Kijana mmoja alitaka aseme kwamba huenda ngozi yake ina dawa ya ugonjwa ambao haujapatiwa tiba. Msichana aliyekuwa akiandika mazungumzo akaweka kalamu chini. "Mkimpa dawa kwenye ngozi," alisema, "mmeshamuuza."

Walibishana mpaka usiku. Mwisho chura wao hakuomba lolote kwa sababu ya manufaa. Alieleza anavyoishi: kiasi cha unyevu anachohitaji, jinsi manyunyu yanavyomfikia, kwa nini watoto wake wanazaliwa kamili badala ya kuachwa majini ambako mkondo ungewachukua. Kila neno lilitoka kwenye makala za utafiti, na kila neno lilikuwa ushahidi. Hapo nilielewa kitu ambacho mihadhara hainipi nafasi ya kukisema: shahidi anayeyumba kwenye maelezo hasikilizwi, na ndiyo maana sayansi yenyewe lazima iwe sahihi hata ndani ya igizo. Ukitia chumvi kwenye tabia za chura ili watu wamwonee huruma, umemharibia kesi.

Lakini aliyetikisa watu alikuwa wakili wa binadamu. Alisimama, akamwinamia mfalme wa majini, akasema: "Mheshimiwa, mimi nilizaliwa usiku. Mkunga alimshikia mama kibatari." Hakuongeza neno. Wale mama ntilie waliitikia kwa sauti moja, eeh. Mimi pia sikuwa na la kupinga, na sina mpaka leo. Siwezi kusema mtambo wa Kihansi usingejengwa. Naandika haya taa ikiwaka. Anayemtetea chura kwa kumsahau yule mkunga hastahili kusikilizwa.

Basi haki ya asiyefaidiwa inatoka wapi? Ndani ya madhehebu yetu ya Kishafii, haya yanayofuatwa pwani nzima, yupo Izz bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262. Katika kuhesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe, alisema mmiliki analazimika kumhudumia hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutofaidiwa tena. Tazama alivyokwenda moja kwa moja penye utata. Angeweza kusema mtunze punda wako kwa kuwa anabeba mzigo, na kila mtu angekubali. Yeye akamchagua punda asiyebeba tena.

Utaniambia, Izz alikuwa akizungumzia mifugo. Chura wa maporomoko si mali ya mtu. Ilikuwa hivyo zamani. Siku tulipouchukua mto, tulimchukua na chura. Leo anaishi kwa bomba letu la kunyunyizia au kwa tangi letu la kioo. Tukifunga valvu, anakufa. Huyo ni mnyama wa nani kama si wetu? Naona wanyama pori wengi wamekwisha kuingia kwenye hali hiyo bila ya sisi kuandikishana. Kila mto tunaougeuza na kila msitu tunaouzungushia mashamba pande zote unatuongezea watu wa kuwalisha. Hoja hii si ya huruma. Ni ya dhima, na mwenye dhima haulizi anayemlea ana faida gani.

Nimetaja dini, na sitaki kulipita jambo hili juu juu. Wako wahifadhi, wa ndani na wa nje, ambao wamegundua kwamba watu wetu huwasikiliza mashekhe na mapadri kuliko wataalamu, na sasa kila andiko la mradi lina mstari unaosema "kuwashirikisha viongozi wa dini". Dini si sukari ya kumezeshea kwinini. Nilionywa juu ya hilo katika madrasa moja hapa mjini. Kikundi kilikuwa kimekwenda na wanyama wawili, bundi na chura, na nilikuwa nimewapa habari mbili: kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikanusha imani ya mikosi, ya bundi ikiwamo, na kwamba tabibu alipomwuliza juu ya kumtumia chura katika dawa, alimkataza kumuua. Mambo yalikwenda vizuri sana. Kisha mtoto mmoja, kofia imemfunika nusu ya macho, akanyoosha kidole: "Na mjusi kafiri? Sisi tunaambiwa tumuue."

Madrasa nzima ikaangua kicheko. Msemaji wa kikundi, msichana Mkristo kutoka Njombe, akanitazama mimi. Ustadhi ndiye aliyeokoa jahazi. Akasema hadithi hiyo ipo, imepokewa na Imamu Muslim, haifichwi. Akasema pia kwamba ruhusa ya huyo mmoja haikuwa ruhusa ya kila chenye mkia, na kwamba hata katika kuua kuna adabu, na anayetesa amekwisha kuivunja. Msichana wa Njombe akapata pa kushika: akachora ubaoni vidole vya mjusi kafiri na vya mjusi islamu, watoto wakamsaidia kutaja tofauti, kisha akawaeleza juu ya yule wa buluu wa Kimboza, ambaye kwa ukoo ni ndugu wa mjusi kafiri. Mtoto wa kofia akataka hukumu yake. Ustadhi alifikiri kidogo. "Huyo sijamwona ukutani kwangu," akasema. "Asiyekuja kwangu sina kesi naye."

Tulipokuwa tunavaa viatu akaniita pembeni. "Dokta, siku nyingine ukija na hadithi ya bundi, uje na ya mjusi mkononi." Sijapata mwongozo wa kazi ulio bora kuliko huo. Ukienda kwa watu na maandiko yanayokufaa tu, umeyafanya kibarua wa mradi wako, na waumini hulinusa jambo hilo mapema. Yule binti wa Njombe naye alikuja ofisini baadaye na waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato si', akanionyesha mahali panaposema kwamba viumbe vina thamani yao wenyewe mbele ya Mungu, mbali na manufaa tunayopata kwao. Nikamwuliza: na mistari ya Mwanzo inayompa mtu utawala juu ya wanyama? Akasema anayo pia, ameiwekea alama.

Mimi kwetu ni Pemba, Wete, na huko nimekua chini ya popo. Popo wa Pemba ni mkubwa, mabawa yake yakifunguka yanapita mita moja na nusu, na hapatikani popote duniani ila kisiwani kwetu. Miaka ya 1990 alikuwa karibu kwisha. Aliwindwa kwa ajili ya nyama na misitu ilikatwa, akaandikwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa. Leo ameshuka kutoka daraja hilo, idadi yake imepanda tena kwa maelfu mengi. Vilabu vya vijiji vilivyoundwa kumlinda vina sifa yao, na mahali paitwapo Kidike wageni hulipa kiingilio kumtazama, kwa hiyo faida nayo imo, sikatai. Lakini baadhi ya makundi yaliyosalia wakati mbaya yalikuwa kwenye miti ya makaburini. Hakuna aliyekata miti ile, na si kwa sababu ya popo. Watu waliwaheshimu wafu wao, na popo wakapata hifadhi ndani ya heshima hiyo bila ya kuulizwa swali.

Mwaka huu nimeitwa na kamati inayopitia mitaala. Walikuwa wapole. Walitaka kujua matokeo ya somo la ngoma yanapimwaje, ni makala ngapi zimetoka humo, soko la ajira linalihitaji kwa kiasi gani. Nilijaribu kutocheka. Walikuwa wanauliza somo langu lina faida gani. Nikawapa orodha, maana kikao kilikuwa na muda: wanafunzi wanajifunza kueleza, vijiji vinatufahamu, watafiti wanapokelewa vizuri zaidi. Somo limepona, kwa sasa.

Muhula ujao mnyama wetu ni fisi, na tutaanza na wafugaji, ambao wana kesi nzito dhidi yake na wataileta yote. Nawaomba walimu wenzangu wa vyuo vingine walijaribu zoezi hili kwa sharti moja: robo saa ya kwanza, neno faida lisitajwe. Mwanafunzi aeleze tu mnyama anavyoishi, kwa usahihi, kwa Kiswahili, kwa sanaa yoyote aliyo nayo. Asiyeweza kujaza robo saa hiyo hajamjua mnyama wake, na arudi maktaba kabla ya kwenda kijijini.